Sentinele wa Shule na Sheria Inayomlinda

Hapa Kindu, nchini Kongo (DRC), kengele ya shule ya msingi mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Anayeigonga ndiye aliyelinda madawati usiku kucha, na kabla watoto hawajafika ameshafagia uwanja. Ni sentinele wetu. Aghalabu hana matrikule, yaani namba ya usajili wa mtumishi, wala jina lake halimo kwenye listi ya malipo ya DINACOPE, idara inayoandaa mishahara ya walimu na wafanyakazi wa shule.

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 inataka mtumishi wa serikali aajiriwe kwa mtihani wa kushindania nafasi, nafasi yenyewe iwe wazi na iwe na bajeti. Kwa kazi za ofisini, hiyo ni kinga dhidi ya kupeana kazi kindugu. Lakini shule ya Alunguli, ng'ambo ya mto, inahitaji mtu wa kufunga milango jioni hii. Sifa kubwa ya kazi hiyo ni uaminifu, na uaminifu wa mtu wanaujua majirani zake. Ndiyo maana naunga mkono kazi za sentinele ziondolewe kwenye utaratibu huo wa mtihani, mkuu wa shule na kamati ya wazazi wachague wenyewe, hadharani.

Ila wengi hudhani kwamba asiye mtumishi wa serikali hana sheria inayomlinda. Sivyo. Asiyekuwa chini ya sheria ya watumishi lakini anafanya kazi kwa mshahara huangukia Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo inasema kwamba kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Sentinele anayeitwa kibarua mwaka mzima, basi, ni mfanyakazi kamili.

Kuna swali la pesa. Zamani michango ya wazazi ndiyo iliyowalipa watu hawa. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya serikali ilipoanza kutolewa bure, mlango huo umefungwa. Kuiachia shule uhuru wa kuajiri bila kuipa fungu la mshahara ni kumwachia sentinele njaa. Fungu hilo liandikwe ndani ya pesa za uendeshaji wa shule.

Na nyinyi wakuu wa shule, kabla ya kumkabidhi sentinele funguo, mkabidhini mkataba: ukurasa mmoja, wenye mshahara, tarehe na sahihi mbili. Nakala moja akaiweke kwake nyumbani.