Kochi Linunuliwe Mwisho

Mtu akihamia nyumba ya kupanga, hela kubwa ya kwanza huenda kwenye makochi. Anabeba seti nzima: la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Siku makochi yanapoingia, mfuko umekauka na sebule imejaa. Mapazia yanabaki yale ya nyumba aliyotoka, mafupi kwa dirisha hili. Balbu moja inaning'inia katikati ya dari. Kuta ziko vilevile alivyozikuta. Katika kazi yangu ya kupamba nyumba, ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi ni wa mpangilio wa matumizi tu: anza na nafasi, mwanga, rangi na vitambaa. Kochi lije mwishoni.

Hesabu ya sakafu

Chukua sebule ya mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 90 linachukua mita za mraba 1.8. La watu wawili linachukua kama 1.35, na yale mawili madogo 1.6 kwa pamoja. Ongeza meza ya katikati na kabati la televisheni, na karibu nusu ya sakafu imekwenda kabla mtu hajapita. Njia ya kupita inataka angalau sentimita 75, na kati ya kochi na meza ziachwe 40 hadi 45, magoti yapate pa kukaa. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mpambaji ni futi kamba. Pima chumba, pima milango, chora kwenye karatasi, halafu ndipo uanze kutamani.

Wajenzi wa zamani wa pwani waliijua shida hii. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na nyingi hazikuvuka mita 3. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Badala ya kuijaza sakafu, wakauchonga ukuta: wakatengeneza zidaka, safu za vishubaka vya kuwekea sahani za kaure, vitabu na vyombo vya thamani, na ukuta wote ukapakwa chokaa nyeupe inayosambaza mwanga mdogo unaoingia. Mpangaji wa leo hawezi kuchonga ukuta wa mwenye nyumba, lakini anaweza kuchukua akili ile ile: mapambo yapande ukutani, sakafu ibaki wazi.

Mwanga kabla ya rangi

Rangi ile ile huonekana tofauti chini ya balbu tofauti, ndiyo maana mwanga unatangulia. Soma boksi la balbu na utafute namba inayofuatwa na herufi K. 6500K ni mwanga mweupe unaoelekea buluu. Unafaa jikoni na kwenye meza ya kusomea. Kuanzia 2700K hadi 3000K ni mwanga wa njano, unaofaa sebuleni na chumbani jioni. Watu wengi huishi na mwanga wa 6500K nyumba nzima, kisha wanashangaa kwa nini sebule inafanana na zahanati. Kubadilisha balbu ndilo pambo la bei ndogo kuliko yote, na ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia wa ile ya zamani ya wati 60.

Usitegemee taa ya dari peke yake. Weka taa moja au mbili chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kifuniko cha taa si lazima kitoke dukani: kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, kikigeuzwa chini juu, hutoa kivuli kizuri ukutani. Tumia LED tu, isiyochoma, na balbu isiguse nyasi.

Rangi: tatu zinatosha

Chagua kitu kimoja unachokipenda kweli, iwe kanga, kawa ya kufunikia chakula, au mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, na rangi za chumba zitoke humo. Kanuni ya wapambaji ni sitini, thelathini na kumi: asilimia 60 ya chumba iwe rangi tulivu ya kuta na vitu vikubwa, 30 iwe ya mapazia na vitambaa, 10 iwe ile kali inayovuta jicho. Hapo ndipo nyumba inapokuwa ya mtu na si ya duka, kwa sababu chanzo cha rangi ni chako.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta mmoja wa mita 3 wenye kimo cha mita 2.7 ni kama mita za mraba 8. Mikono miwili haifikishi hata lita 2. Ukuta mmoja, basi, unaweza kubadilisha sebule nzima kwa kopo dogo. Ila kama plasta inatoa chumvi au unyevunyevu, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, paache pakauke, kwangua, ndipo upake. Na mwenye nyumba aulizwe kabla brashi haijaguswa.

Vitambaa na ukuta

Mapazia ya mtumba ni hazina, mengi yakiwa na kitambaa kizito na bitana kabisa. Funga bomba sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha na lipite kila upande kwa 20; dirisha litaonekana kubwa zaidi, na pazia likifunguliwa halitaziba mwanga. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya bomba. Bomba la mita 1.6 linataka mita 3.2, la sivyo pazia litatandazika kama shuka lililoanikwa.

Doti moja ya kanga inafanya kazi mbili. Kila kipande kina kama mita 1.5 kwa 1.1. Kimoja kitundike ukutani kikiwa kizima, pindo zake zote nne zionekane na jina lake lisomeke. Kingine kinatoa miraba sita ya sentimita 47, yaani foronya tatu za mito, mbele na nyuma. Kanga ni pamba nyepesi, hivyo itiwe bitana na isikae juani.

Picha zitundikwe katikati ya kila moja ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Wengi huzipandisha mno. Kama hutaki kutoboa ukuta wa watu mara kumi, funga ubao mmoja mwembamba na uziegemeze picha juu yake. Na sanaa ya mkono haihitaji vifaa vya kifahari: Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alijenga mtindo unaobeba jina lake kwa vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kawaida.

Ukitengeneza rafu au meza kwa mbao za mapaleti, tazama muhuri. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. Lenye MB lilifukizwa kwa dawa ya sumu. Liache huko huko.

Sasa kochi

Baada ya yote haya, mara nyingi utagundua unahitaji kochi moja zuri, stuli mbili na mkeka mpana. Hela iliyokuwa ya seti nzima sasa inanunua ubora. Nenda kwa mafundi, wawe wa Keko jijini Dar es Salaam au wa kando ya barabara mtaani kwenu, na vipimo mkononi, upana wa mlango ukiwemo. Omba kuona fremu kabla haijavalishwa kitambaa: mbao ziwe zimekauka, viungo vimetiwa gundi na skrubu, si misumari mitupu. Bonyeza sponji uone kama inarudi haraka. Lipa malipo ya awali, na salio ulimalize ukishalikalia.