Fleti ya Zamani: Kazi za Kumaliza Kabla ya Kuhamia

Fleti za zamani za Upanga, Kisutu na Kariakoo jijini Dar es Salaam, nyingi zikiwa za miaka ya 1950 na 1960, zina mengi yanayokosekana kwenye majengo mapya: dari lililo juu, vyumba vipana, baraza, sakafu ya terazo na madirisha ya kupitisha upepo pande mbili. Zina pia mambo yasiyoonekana siku mnunuzi au mpangaji anapoonyeshwa nyumba. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa kwa sheria majengo mengi ya kupangisha, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miaka yote hiyo wapangaji walipokezana, huyu akaongeza soketi, yule akaunga bomba, na majengo mengi yakakaa muda mrefu bila matengenezo makubwa. Anayeingia leo anarithi kazi za mikono yote hiyo.

Ndiyo maana ukarabati wa fleti ya namna hii hauanzi na rangi wala vigae. Fedha inapaswa kwenda kwanza kwenye vitu vitakavyofukiwa: mabomba, nyaya, zege na vizuizi vya maji. Kabati baya la jikoni linaweza kubadilishwa mwakani watu wakiwa wanaishi humo humo. Bomba lililooza nyuma ya vigae vipya halibadilishwi bila kuvunja vigae hivyo.

Wakati mzuri wa kuikagua fleti ni masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu mvua kubwa hufichua nyufa zote za ukuta wa nje. Wakati mzuri wa kufanya kazi yenyewe ni Juni hadi Septemba, miezi ya ukavu na upepo, ambapo plasta hukauka vizuri. Asiyeweza kusubiri masika atazame alama zilizoachwa na masika yaliyopita: rangi iliyovimba, unga mweupe wa chumvi chini ya madirisha, madoa ya kahawia darini. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya peke yake katika chumba cha zamani unastahili kutazamwa mara mbili.

Kuna kipimo kimoja cha maji kisicho na gharama. Koki zote zinafungwa usiku, namba za mita zinaandikwa, na asubuhi zinasomwa tena kabla mtu hajafungua maji. Mita ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali, na mahali hapo pengine ni ndani ya ukuta. Mabomba ya chuma ya enzi hizo huliwa na kutu kutoka ndani. Bomba la nusu inchi linaweza kubaki na tundu la kupita penseli tu, na hapo mwenye nyumba hulaumu shinikizo la maji la mtaa mzima kumbe tatizo liko kwake. Kubadilisha kipande kimoja hakusaidii sana, kwa kuwa kipande kipya huungwa na cha zamani kilichochoka vilevile. Mafundi bomba wengi sasa hutumia mabomba ya plastiki ya PPR, yanayounganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi. Kiungo kikichomwa sawasawa hakina uzi wala gundi ya kuchakaa. Kabla ya ukuta kuzibwa, mabomba yajazwe maji, yapandishwe shinikizo kwa pampu ya mkono na kuachwa saa kadhaa huku geji ikitazamwa. Fundi anayetaka kuziba ukuta kabla ya kipimo hicho azuiwe.

Bafu ndilo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya majirani wa ghorofa, na ndilo linalodai uvumilivu kuliko chumba kingine chochote. Vigae na grauti havizuii maji, vinayapunguza tu. Kinachozuia ni dawa maalumu inayopakwa juu ya sakafu laini, tabaka mbili au zaidi, ikipanda ukutani angalau sentimita 15, na kwenye eneo la kuogea mpaka juu ya kimo cha mtu. Dawa ikikauka, tundu la maji machafu huzibwa, sakafu ikajazwa maji ya kina cha sentimita chache na kuachwa saa 24. Kisha mwenye fleti anashuka kwa jirani wa chini, anabisha hodi na kuomba kuangalia dari lake. Dari likiwa kavu, vigae vinaweza kupigwa. Sakafu ielekezwe kwenye tundu kwa mteremko wa sentimita moja hivi katika kila mita. Jambo hili fundi alionyeshe kwa pima maji, asilikadirie kwa jicho.

Hatari kubwa zaidi mara nyingi iko juu ya kichwa. Chini ya bafu la jirani wa juu, na kwenye mabaraza yanayotazama bahari, dari la zege huanza kwa ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo. Nyundo ndogo ikigonga sehemu nzima, mlio huwa mzito. Sehemu iliyoachana na nondo hulia kama debe tupu. Sababu yake inaeleweka vizuri. Zege jipya lina ualikali unaoilinda nondo isipate kutu. Kadiri miaka inavyopita, hewa ya ukaa hupenya na kuupunguza ualikali huo, na chumvi ya bahari, iwe imeletwa na upepo au na mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea, huharakisha uharibifu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma zege kwa ndani mpaka likameguka.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kupaka saruji juu ya kutu hiyo na kufunika yote kwa dari la jipsamu. Kutu huendelea gizani, na jipsamu humnyima mwenye nyumba dalili za kumwonya. Namna sahihi ni kuondoa kwanza chanzo cha maji, hata kama hiyo ina maana ya kuchangia ukarabati wa bafu la juu. Zege bovu hutindwa mpaka nyuma ya nondo, nafasi ya sentimita mbili hivi, nondo husuguliwa mpaka chuma kionekane, ikapakwa dawa ya kuzuia kutu, na shimo likajazwa kwa saruji ya kukarabatia isiyosinyaa. Nondo iliyokonda kwa kiasi cha kuonekana kwa macho si kazi ya fundi peke yake, anahitajika mhandisi.

Mhandisi anahitajika pia pale mtu anapotaka kuvunja ukuta ili sebule na jiko viwe kitu kimoja. Katika jengo la nguzo na mihimili, kuta nyingi za ndani hujaza nafasi tu. Katika majengo mengine ya ghorofa tatu au nne, ukuta wenyewe ndio uliobeba sakafu ya juu, na unene wake pekee hautoshi kutofautisha. Zaidi ya hayo, ukuta unaobeba jengo si mali ya mtu mmoja. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo, na Kenya ina yake ya mwaka 2020. Zote zinatenganisha sehemu ya mwenye fleti na sehemu za wote, kama vile paa, ngazi na mabomba makuu. Mpangaji yeyote naye anahitaji kibali cha maandishi cha mwenye nyumba kabla ya kushika nyundo.

Uzito ni suala ambalo halizungumzwi vya kutosha. Vigae vipya vikipigwa juu ya terazo kwa udongo wa saruji wa sentimita nne, kila mita ya mraba huongezewa takriban kilo 100. Fleti ya mita za mraba 60 huwa imebebeshwa tani sita ambazo hazikuwamo kwenye hesabu za aliyeibuni, wakati sakafu za makazi za zama zile zilikadiriwa kubeba watu na samani za kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Fleti zote za jengo zikifanya hivyo, mzigo hushuka wote kwenye nguzo zilezile. Kwa bahati njema, terazo haihitaji kufunikwa. Mashine ya kusaga ikipita na mawe ya kukwaruza, kuanzia ya chenga kubwa hadi laini, nyufa zikazibwa kwa saruji ya rangi inayolingana, sakafu ya miaka 60 hurudi kung'aa na hudumu kuliko vigae vingi vya dukani. Mwenye terazo nzima anayeifunika anapoteza kitu kizuri na kulipia hasara hiyo. Hata wakati wa kazi, mifuko ya saruji isirundikwe katikati ya chumba: mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili, na mahali pake ni kando ya kuta, ikitawanywa.

Umeme wa fleti hizi ulipangwa kwa taa chache, redio na pasi. Leo panaingia friji, kiyoyozi, birika la umeme na hita ya bafuni. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,000 huvuta karibu ampia 22 kwenye umeme wa volti 230, mzigo ambao waya wa soketi haukukusudiwa kuubeba. Inatakiwa iwe na waya wake, kwa kawaida wa milimita za mraba 6, na breka yake. Taa hutosheka na waya wa 1.5, soketi 2.5. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira hukauka na kukatika ganda zikiguswa. Zikikutwa, dawa ni kuvuta nyaya mpya nyumba nzima. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama waya wa ethi upo kweli, kwa sababu soketi ya matundu matatu inaweza kufungwa ukutani tundu la tatu likiwa halijaunganishwa popote. Breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, ni kinga isiyopaswa kukosekana kwenye nyumba yenye watoto na bafu. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji. Baada ya kumaliza, fundi huyo atapima nyaya kwa kifaa cha kupimia ukinzani na kutoa maandishi.

Madirisha nayo yanahitaji utetezi. Vioo vya luva vikifunguliwa hupitisha upepo karibu eneo lote la dirisha, wakati dirisha la alumini la kusukuma lenye vipande viwili hufungua nusu tu. Wengi hung'oa luva, huziba matundu ya hewa juu ya milango, hushusha dari kwa jipsamu, kisha hununua kiyoyozi cha kutibu joto walilolitengeneza. Ni busara zaidi kubadilisha fremu zilizooza, kuweka nyavu za mbu na kuacha upepo upite kama mbunifu alivyokusudia.

Plasta mpya inahitaji takriban wiki nne kabla ya rangi, na rangi ya mafuta isipakwe kwenye ukuta wenye unyevu, itavimba. Rangi za miongo iliyopita zinaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo zisuguliwe zikiwa zimeloweshwa, chenga zifungwe kwenye mfuko, na watoto wasiwepo mpaka sakafu ifutwe kwa maji. Mabati ya saruji yenye asbesto, yanayopatikana kwenye mapaa na matangi ya zamani, yasikatwe wala kutobolewa. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa.

Mafundi walipwe kwa hatua: baada ya mabomba kupimwa, baada ya bafu kupita saa 24, baada ya umeme kukaguliwa, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka nyumba itumike wiki moja au mbili. Akiba ya sehemu moja kati ya tano ya bajeti isiguswe mwanzoni, kwa kuwa ukuta wa zamani ukifunguliwa hukosi jambo. Na kabla ukuta haujazibwa, kila ukuta upigwe picha futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando ya mabomba na nyaya. Picha hizo zihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, ili fundi wa makabati atakayekuja na dirili ajue pa kutoboa.