Fahamu: Droni hukaguaje njia za umeme bila kuuzima?
Umeme wa mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, Kenya, husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Kukagua njia ndefu namna hiyo kwa kupanda minara ni kuhatarisha maisha ya mafundi bila sababu.

Droni, kinyume chake, haigusi waya wala haikati umeme. Kiungo cha waya kikilegea au kikishika kutu, ukinzani huongezeka na kiungo hupata joto kuliko vya jirani. Kamera ya joto iliyo kwenye droni hulinasa joto hilo, hata kama kwa macho kiungo ni kizima. Ila umeme lazima uwe unapita kwa wingi, maana mzigo mdogo huficha kasoro. Upepo hupoza kiungo, nalo jua kali hudanganya kamera. Vikombe vya kuhami umeme vilivyopasuka huonekana kwa kamera ya kawaida. Kukaza kiungo bado ni kazi ya fundi.