Treni ya mnadani inavyogeuka kichwa cha treni cha kweli

Ukipita mnadani utaiona: treni ndogo ya plastiki, nyekundu na buluu, inatembea kwa betri huku ikipiga kelele. Bei yake haifiki ya kuku. Wiki mbili baadaye imekwama na iko chini ya kitanda. Sisi hapa redioni tuliichukua moja iliyotupwa, tukaifungua, tukaijenga upya ili ifanane na kichwa cha treni kilichowahi kufanya kazi kwenye reli zetu. Baada ya kuitaja hewani, wasikilizaji wa Kitangari na Masasi wakaanza kuuliza inafanyikaje, na mmoja akauliza swali zito zaidi: treni ya nini, wakati Newala hakuna reli?

Tuanze na swali hilo, maana ndilo lililotufanya tuishike kazi hii.

Kusini ilikuwa na reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, hadi Nachingwea, na mwaka 1949 treni zikaanza kupita. Baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Mradi wa karanga wenyewe ulikuwa umeshakufa mwaka 1951. Mzigo ukawa mdogo, reli ikaendeshwa kwa hasara, na mwaka 1962 ikafungwa. Vyuma vikang'olewa.

Kwa hiyo Masasi ilisikia honi ya treni kwa takriban miaka minne tu. Reli haikupanda uwanda wa Makonde. Ilipita chini, upande wa kaskazini. Mtu wa Kitangari aliyetaka kuiona ilibidi ateremke. Mtoto aliyeteremka na baba yake mwaka 1960 akiwa na miaka 10 alizaliwa mwaka 1950. Piga hesabu mwenyewe. Watu waliobaki wanaoweza kukwambia moshi ulitokea wapi na sauti ilikuwaje ni wachache, na kila msimu wa korosho wanapungua.

Ndiyo maana tukaamua kutengeneza treni ya steam, ile ya moshi. Mfano tuliouchagua upo na unaonekana hadi leo. Mwaka 1955 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea kutoka kiwanda cha North British cha Glasgow, Uskoti, vichwa vya daraja la 30, na vikapewa majina ya makabila ya Tanganyika. Kimoja, namba 3020, kinaitwa Nyaturu, na kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli jijini Nairobi. Picha zake ni rahisi kuzipata kwa simu. Kina magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati na manne madogo nyuma. Hesabu hiyo iweke kichwani, maana kichwa cha treni hutambulika kwanza kwa magurudumu yake.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la watu wengi ni kuanza na rangi. Anza na rula.

Pima nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, kwa upande wa ndani. Yetu ilikuwa na milimita 20 hivi. Reli ya kusini, kama reli ya kati inayokwenda Kigoma na Mwanza, ilikuwa na upana wa mita moja, yaani milimita 1,000. Gawanya 1,000 kwa 20, unapata 50. Maana yake treni yetu ni ndogo mara 50 kuliko ya kweli, na kila mita moja ya treni halisi kwetu ni sentimita 2. Ukitaka kutengeneza ya TAZARA, gawanya 1,067. Ukitaka ile ya kisasa iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, gawanya 1,435. Magurudumu uliyonayo ndiyo yanayokuamulia ukubwa wa vitu vingine vyote.

Hesabu hii ndogo inafichua uongo wa treni za mnadani. Mlango wa dereva kwenye yetu ulikuwa na urefu wa sentimita 6. Zidisha kwa 50: mita 3. Dereva wa treni hiyo angekuwa jitu! Mtu wa mita 1.70 anatakiwa awe na sentimita 3.4 tu. Bomba la moshi nalo lilikuwa nene kama pipa. Tukakata kibanda chote, tukakata na bomba.

Kabla ya kukata, hakikisha mota inafanya kazi. Mara nyingi treni iliyokufa haijafa. Fungua skrubu za chini. Angalia vibati vinavyogusana na betri. Vikiwa na kutu au unga mweupe, visugue kwa msasa laini. Angalia ekseli: utakuta nywele na nyuzi za kanga zimejizungusha, zitoe kwa sindano. Weka tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli, na yasiguse mota. Kama mota inalia lakini magurudumu hayazunguki, tazama gia ndogo ya plastiki. Imepasuka na inateleza kwenye chuma chake. Tuliifunga kwa uzi mwembamba mizunguko kadhaa pembeni ya meno, tukaweka gundi kali kidogo, tukaiacha usiku kucha. Inatembea hadi leo.

Boila, lile pipa refu la mbele ambamo maji huchemka, tulilitengeneza kwa kipande cha bomba la maji la plastiki lenye kipenyo cha milimita 32. Kwa kipimo chetu hiyo ni mita 1.6. Kibanda cha dereva ni bati la kopo la maziwa, lililokatwa kwa mkasi na kusuguliwa kingo zote kwa msasa ili lisimkate mtu. Bomba jipya la moshi ni kipande kifupi cha kalamu ya wino. Nyaturu lina bomba fupi sana, karibu halionekani, na hapo ndipo watu watakapokubishia. Watasema treni ya moshi lazima iwe na bomba refu. Waonyeshe picha.

Magurudumu makubwa ya Nyaturu yana kipenyo cha kama mita 1.2, kwa hiyo kwetu sentimita 2.4. Mota ya treni ya mnadani huzungusha ekseli moja au mbili tu. Mengine tuliyakata kwenye soli ya kandambili, tukayaning'iniza juu ya reli kwa unene wa karatasi, yaonekane lakini yasikwamishe. Mikono inayounganisha magurudumu ni spoku ya baiskeli iliyogongwa kwa nyundo ikawa bapa.

Treni hizi ni nyepesi mno, zinateleza papo hapo. Tia nati na boliti kuukuu ndani ya boila, juu kabisa ya magurudumu yenye mota. Usitumie risasi ya kuvulia samaki. Ni sumu, hasa kwa watoto.

Kisha yanakuja yale madogo, na hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na hatujutii. Waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua ukawa vishikio vya pembeni ya boila, vile ambavyo fundi hushika akitembea juu ya injini. Vichwa vya pini vikawa ribiti. Kioo cha tochi ndogo kikawa taa ya mbele. Nyuma tukaunganisha behewa la maji na mafuta kwa kiberiti kilichofunikwa bati. Mtu hatazami kitu kimoja kati ya hivyo, lakini ukivitoa vyote anaona amerudishiwa kichezeo.

Rangi ilitutia aibu. Tulichanganya rangi ya mafuta na thina, tukapaka moja kwa moja, na ndani ya dakika chache plastiki ya mbele ikalegea na kukunjamana kama ngozi ya embe lililooza. Thina hula plastiki. Tulikata upya. Mara ya pili tulisugua kwa msasa, tukaosha kwa sabuni, tukapaka rangi ya maji tabaka jembamba mara tatu, kila moja ikikauka kwanza. Rangi tuliyotafuta ni damu ya mzee, ambayo ndiyo waliyotumia Afrika Mashariki kwenye vichwa vyao vya steam. Nyekundu na nyeusi kidogo, na tone la kahawia, vinakufikisha. Usichome plastiki kwa moto ili kuiunganisha. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, na gundi ipo.

Injini iliyo safi mno inaonekana ya uongo. Masizi ya chungu, yaliyosagwa laini, tuliyapaka kwa brashi kavu juu ya boila na kuzunguka bomba. Kwa chini, kwenye magurudumu, tulitumia udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa. Kitu hiki hakiuzwi dukani Glasgow, lakini kwetu kiko mlangoni.

Wasikilizaji wawili walituuliza kama wanaweza kuanza na yale magarrati makubwa ya daraja la 59, yaliyokuwa yakipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hayo yalikuwa vichwa vya steam vikubwa kuliko vyote duniani kwenye reli ya mita moja, uzito wa tani zipatazo 250. Urefu wake ni karibu mita 32. Kwa kipimo chetu ni sentimita 64, na inahitaji treni mbili za mnadani zilizounganishwa mgongo kwa mgongo. Anza na ndogo.

Jina bado. Pembeni mwa boila tumeacha nafasi ya kibati chenye urefu wa sentimita 2, na hapa ofisini tumegawanyika: wengine wanataka Makonde, wengine Makua, na mmoja, anayetoka Masasi, hataki kusikia jingine zaidi ya Yao. Honi pia hatujaiweka. Tunatafuta kwanza babu au bibi aliyeisikia ile ya Masasi kabla ya 1962 atuigizie, ili kijispika kidogo tutakachokifunga kitoe sauti hiyo. Kama yupo nyumbani kwenu, mrekodi kwa simu, mkiwa mmekaa mahali pasipo na upepo, na simu iwe karibu na mdomo wake.