Picha ya Mishipa ya Moyo

Moyo wa mtu, wasomaji wapenzi, ni mfanyakazi asiyejua Jumapili. Ukubwa wake ni kama wa ngumi ya mwenyewe, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, ukiwa umelala au u macho. Lakini damu ijazayo vyumba vyake hupita tu, haiulishi. Nyama ya moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, yenye upana wa milimita 3 au 4 tu, iliyouzunguka kwa nje mfano wa taji. Waganga wa kale waliipa jina la Kilatini lenye maana hiyo hiyo.

Mishipa hii ikianza kuzibwa na lehemu, mwenyewe hana habari. Huo ndio ubaya wa ugonjwa huu. Fikirini mfereji wa maji kule Uchaggani. Tope likiujaza nusu, shamba moja bado litanywa maji ya kutosha. Taabu yaonekana siku mashamba yote yanapotaka maji kwa pamoja. Mwaka 1974 daktari Lance Gould wa Marekani aliripoti vipimo alivyofanya kwa mbwa: mnyama akiwa ametulia, damu haikupungua mpaka mshipa ulipobanwa sehemu 85 hivi kwa mia ya upana wake, lakini moyo ulipotaka damu nyingi, ilianza kupungua hata kabla mshipa haujabanwa nusu.

Basi ndiyo sababu baba anaketi barazani bila shida yoyote, lakini akipanda kilima kwenda kanisani kifua chambana kama kwamba ametwikwa jiwe, na maumivu yashuka mkono wa kushoto au yapanda tayani. Akisimama kidogo, yatoweka. Nyumbani watu husema ni vidonda vya tumbo, au (tuseme kweli) humtafuta jirani mwenye kijicho. Huku siku zinapita.

Je, mganga atajuaje mshipa uliobanwa, nao umo kifuani? Eksirei, aliyoigundua Bwana Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa vizuri, bali damu haionekani. Hapana budi kuitia damu dawa yenye iodini, ambayo eksirei huiona. Na kuifikisha dawa hiyo moyoni kulidhaniwa ni kumwua mtu.

Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijitia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma sentimita 65 mpaka moyoni. Kisha alikwenda kwa miguu yake mpaka chumba cha eksirei akapigwa picha. Wakubwa wake hawakupendezwa. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel na wenzake wawili waliokuwa Marekani, André Cournand na Dickinson Richards.

Hata hivyo mishipa midogo ya moyo wenyewe hakuna aliyethubutu kuigusa. Tarehe 30 Oktoba 1958, mjini Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akimpima kijana wa miaka 26. Mpira uliteleza ukaingia katika mshipa wa kulia wa moyo, na dawa nyingi ikamiminwa humo kabla hajawahi kuuvuta. Moyo ukasimama. Sones alimwamuru mgonjwa akohoe. Kijana akakohoa, na moyo ukaanza kupiga tena. Akapona. Ndipo ilipojulikana kwamba dawa ikitiwa kidogo kidogo, mishipa hiyo yaweza kupigwa picha bila kumwua mtu. Kipimo hicho chaitwa anjiografia.

Wengi wakisikia habari hii hukimbia, wakidhani watapasuliwa moyo. Sivyo. Mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, naye huwa macho, hata huongea na daktari. Mpira huingizwa kwa tundu dogo. Dawa ikimiminwa, pengine huona joto mwilini. Hatari zipo, ingawa ni chache, na daktari mwema hazifichi. Mwenye ugonjwa wa figo au wa sukari, aliyewahi kudhurika kwa dawa ya namna hiyo, na mama mwenye mimba, na waseme mapema.

Sasa natufike kwenye jambo lenyewe. Picha hizi si za kusimama, ni sinema. Daktari hutazama dawa ikienda na damu, akaipa alama. Isiyopita kabisa ni 0. Inayopenya kidogo bila kuufikia mwisho wa mshipa ni 1. Inayofika kwa kuchelewa ni 2. Ya kawaida ni 3. Mwaka 1996 daktari Michael Gibson na wenzake walileta njia ya kuhesabu picha zenyewe, 30 kwa kila sekunde, mpaka dawa ifike mahali maalumu. Katika mshipa wa kulia ulio mzima hufika kwa picha 20 hivi, yaani hata sekunde moja haijatimia.

Lakini jicho ni shahidi mwenye haraka. Laona wembamba, lahukumu. Waganga Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji walifundisha kupitisha uzi wa chuma wenye kipimo cha msukumo wa damu hadi ng'ambo ya mahali palipobanwa. Msukumo wa ng'ambo ukiwa 0.80 ya ule wa mbele au pungufu, mshipa wanyima moyo damu. Utafiti wao wa wagonjwa 1,005, uliotangazwa mwaka 2009, ulifunua mengi. Sehemu zilizoonekana kwa macho kuwa zimebanwa 50 hadi 70 kwa mia, ni 35 tu katika kila 100 zilizozuia damu kweli. Waliotiwa vyuma vya kupanulia mshipa kwa kufuata kipimo hicho walipata madhara machache kuliko waliotibiwa kwa kufuata macho tu.

Siku hizi hesabu hiyo yaweza kufanywa na kompyuta kutoka katika picha zenyewe, bila uzi. Huko China mwaka 2021 njia hii iliyashinda macho ya mganga. Lakini utafiti wa Ulaya wa mwaka 2024 haukuweza kuonyesha kwamba yatosha kushika nafasi ya uzi. Uzi usitupwe bado.

Kwetu Tanzania, anjiografia hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, na pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Safari ni ndefu, na fedha si haba. Basi mwanzo ni zahanati ya karibu: mweleze mganga maumivu yaja ukifanya kazi gani, yakaa dakika ngapi, na kama wavuta sigara. Bali maumivu yakikushika umekaa, yasiondoke, na jasho baridi likitoka, usingoje asubuhi. Utafutwe usafiri usiku huo huo.

Aliyekwisha kupigwa picha aombe nakala yake na maandishi ya daktari, avitunze pamoja na cheti cha ubatizo. Mganga atakayemwona mwaka ujao atavitaka vyote viwili, picha na maandishi, apate kulinganisha.