Platz au Belta: Gari Dogo la Familia Mbele ya Mlima Mkubwa

Katika nyumba nyingi za Moshi, mazungumzo ya kununua gari hufanyika baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala na daftari la matumizi limefunguliwa. Nauli za wanafunzi, bodaboda ya mama kutoka soko la Mbuyuni, Noah ya kupanda Marangu kumjulia hali bibi: ukiyajumlisha hayo kwa mwezi mzima, gari la nyumbani halionekani tena kuwa ni israfu. Hapo ndipo majina mawili hutajwa kabla ya mengine, Toyota Platz na Toyota Belta, na sababu inayotolewa ni moja: linakula mafuta kidogo.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini kwetu sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro ni ya kweli nusu. Gari linalookoa fedha Pasua na Njoro linaweza kuwa mzigo kwa familia inayolala Kibosho au Old Moshi, na tofauti hiyo imo ndani ya injini, mahali ambapo mnunuzi wengi wetu hatuangalii.

Tuanze na asili yake. Platz ilitoka Japani mwaka 1999 ikiwa ni ndugu wa Vitz, isipokuwa yenyewe ni saluni, yaani ina buti lililojitenga na chumba cha abiria. Ndugu hao wawili, pamoja na Fun Cargo, walitunukiwa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa msimu wa 1999 na 2000. Mwishoni mwa mwaka 2005 Belta ilichukua nafasi ya Platz, na utengenezaji wake wa soko la Japani ukakoma mwaka 2012. Belta ni pana na ndefu zaidi. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma Platz ina milimita 2,370, na Belta ina 2,550. Sentimita hizo 18 huonekana ndogo kwenye karatasi, ila mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma kutoka Dar es Salaam hadi Moshi atakueleza thamani yake kwa magoti.

Sasa injini. Platz nyingi zina injini ya lita moja, yenye silinda nne na ujazo wa cc 997. Zipo pia za cc 1,496. Belta ndogo ina cc 996 na silinda tatu tu, na kubwa yake ina cc 1,296 na silinda nne. Usiridhike na maelezo ya dalali. Fungua boneti usome kibao cha namba: SCP11 ni Platz ya lita moja, NCP12 ni ya lita moja na nusu, KSP92 ni Belta ya silinda tatu, na SCP92 ni Belta ya cc 1,296. Belta ya silinda tatu hutetema kidogo inaposimama huku inaunguruma. Huo si ugonjwa, ni maumbile yake. Mtetemo unaozidi hadi usukani kucheza mkononi ndio wa kumwambia fundi akague mauntingi za injini.

Injini zote hizi zina mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka kulingana na mwendo na mzigo, na huo ni mmoja wa misingi ya uchumi wake wa mafuta. Aidha, zote zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Cheni hiyo lakini inaishi kwa oili. Mwenye kuchelewesha oili ili aokoe fedha za mwezi huu huilipia cheni, na bei yake haifanani kabisa na ya oili.

Uchumi wenyewe ukoje? Tuchukue mfano wa baba anayetembea kilomita 60 kwa siku, siku 25 za mwezi, jumla kilomita 1,500. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litamaliza lita 150. Linalokwenda kilomita 15 litamaliza lita 100. Lita ikiwa shilingi 3,000, nyumba imebakiwa na shilingi 150,000, na kwa wengi wetu hiyo ni sehemu kubwa ya ada ya shule. Tena tangu bajeti ya 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na badala yake zikaongezwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, hivyo anayechoma kidogo huchangia kidogo.

Hesabu hiyo ni ya tambarare. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda, na injini ya kawaida hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Moshi wenyewe umeshapita mita 800. Geti la Marangu limepita mita 1,800. Belta ya cc 996 ina nguvu za farasi 71 ikiwa usawa wa bahari. Ikifika karibu na geti imebakiwa na chini ya 60. Gari lenyewe lina uzito unaokaribia tani moja. Wapakie watu wazima watano, kila mmoja kilo 70, umeongeza kilo 350. Wakati wa kurudi huongezwa mikungu ya ndizi na maparachichi, maana nani ataondoka kwa bibi mikono mitupu?

Katika hali hiyo dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho na injini hupiga kelele bila mwendo. Ile tofauti ya mafuta kati ya lita moja na cc 1,296 huyeyuka mlimani, na pengine hugeuka. Rai yetu ni kwamba familia inayoishi na kufanya kazi mjini, ikapanda kijijini mara chache, itosheke na lita moja. Familia inayolala Machame, Uru au Kibosho na kushuka kila asubuhi na watoto, itafute SCP92 au Platz ya lita moja na nusu, hata kama itabidi kungoja miezi kadhaa. Huko njia za ndani, zile za udongo mwekundu kati ya migomba, wakati wa masika huteleza kama sabuni, na gari lililo chini kama haya hugonga tumbo kwenye mfereji. Ipo Belta inayovuta kwa magurudumu manne, NCP96, lakini hiyo nayo iko chini vilevile.

Kwa anayeagiza kutoka nje, injini ndogo ina faida ya kodi. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, gari lisilozidi cc 1,000 halikuwa likitozwa ushuru wa bidhaa kwa kigezo cha injini, ilhali la kati ya cc 1,000 na 2,000 lilitozwa asilimia 5. Tatizo ni umri. Gari lililozidi miaka 10 lilitozwa asilimia 30 za uchakavu, na hakuna Platz wala Belta ya Japani iliyo chini ya umri huo leo. Viwango hugeuzwa katika bajeti ya kila Juni. Mwombe wakala hesabu iliyoandikwa kabla ya kutuma fedha. Wengine wetu watanunua lililokwisha kutumika hapa hapa, na wala si aibu.

Kwa wanaokosa fedha taslimu na wanaikimbia riba, mlango wa murabaha upo nchini, na Amana Bank imekuwa ikifanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011. Jambo la kuuliza ni moja: je, benki italimiliki gari kwanza ndipo ituuzie, kwa bei na faida inayojulikana? Kama jibu linasuasua, ulizeni tena.

Yabaki ya kushuka, na hapa ndipo tunapowaomba wazazi wasome polepole. Breki za mbele za magari haya ni za diski, za nyuma ni za dramu, zinatosha kwa gari dogo lisilozidishiwa mzigo. Kutoka Marangu hadi Himo, dereva anayeshikilia breki njia nzima huzichemsha, na breki iliyochemka hupungua nguvu, na maji yake yakichemka pedali huzama bila kushika. Gari la otomatiki lina gia za kushukia chini ya herufi D: 2 na L katika zile za ngazi nne, S na B katika zile za CVT. Weka hapo, injini ishike gari, na breki iguswe kwa vipindi. CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili, ina oili yake maalumu; kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida ni kuiua.

Viti ni vitano na mikanda ni mitano. Mtoto wa sita aliyepakatwa hana mkanda wowote.

Siku ya kulijaribu gari, usizunguke nalo Double Road tu. Chukua watu watatu, panda Kibosho injini ikiwa na joto, simama katikati ya mwinuko, kisha ondoka. Likirudi nyuma au gia ikishtuka, sikiliza. Ukifika juu tazama mshale wa joto. Ukishuka, simama mahali tambarare, shuka, unuse magurudumu ya mbele kabla ya kumwambia muuzaji bei yako.