TIMS imeondoka, sheria haijaondoka: Namna ya kuhamisha umiliki wa gari au pikipiki

Katika maduka ya saiba ya Kitengela, Ngong na Kajiado mjini, bado kuna wateja wanaoingia wakiulizia TIMS. Wanataka kuhamisha umiliki wa gari au pikipiki, au kulipia leseni ya udereva, kwa njia waliyoizoea. Huduma hizo zilihamishiwa eCitizen mwaka 2023.

Si ajabu kwamba tovuti hiyo ya NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, inakumbukwa kwa wema. Kabla yake, shughuli za logibuku zilikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, na wengi walizifuata katika jumba la Times Tower, Nairobi. Kwa mkazi wa Loitokitok au Magadi, hiyo ilikuwa nauli, siku nzima na pengine malazi. TIMS iliisogeza kazi hiyo hadi kwenye kompyuta ya mtaani. Kadiri miaka ilivyopita, wahudumu wa saiba walijua kila hatua yake na mahali ombi linapoweza kukwama, na dereva mmoja akamwelekeza mwenzake. Wanachokikosa wengi si ukurasa wenyewe, bali uhakika kwamba ukikwama, yupo wa kumuuliza.

Kwa nini ilibadilishwa

Awali taasisi nyingi za serikali zilikuwa na tovuti zake na nambari zake za malipo. Tarehe 30 Juni 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, na serikali ikaagiza malipo yapitie nambari moja, 222222. Lengo ni mwananchi kuwa na akaunti moja kwa huduma zote, na fedha za umma kufuatiliwa kwa urahisi.

Mwanzo haukuwa laini. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa mtandaoni na huduma zikatatizika kote nchini. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, waliokwama siku hizo walikuwa na sababu ya kuitamani tovuti ya zamani.

Hatari ya kuahirisha

Tatizo huanza pale mtu anapoona njia mpya ni ngumu, akauza pikipiki kwa kupeana fedha, ufunguo na logibuku tu. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, aliyesajiliwa kwa jina huhesabiwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vingine. Pikipiki hiyo ikisababisha ajali Namanga au ikitumiwa katika uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni aliyeiuza. Mnunuzi naye hayuko salama: sheria hiyo inamkataza kutumia chombo hicho kwa zaidi ya siku 14 bila kusajiliwa kuwa mmiliki mpya.

La kufanya

- Muuzaji na mnunuzi kila mmoja awe na akaunti yake ya eCitizen, iliyofunguliwa kwa kitambulisho chake. Anwani ni ecitizen.go.ke.
- Hakikisha nambari ya simu iliyo kwenye akaunti bado ni yako. Msimbo wa kuthibitisha kuingia unaweza kutumwa huko, na laini iliyopotea itakufungia nje.
- Ingia sehemu ya NTSA. Muuzaji huanzisha ombi la kuhamisha umiliki katika akaunti yake, kisha mnunuzi hulikubali katika akaunti yake.
- Lipa kupitia njia zinazoonyeshwa ndani ya eCitizen pekee. Usitume ada ya serikali kwa nambari ya mtu binafsi.
- Gari au pikipiki yako isipoonekana kwenye akaunti, usikubali kuuza kwa maneno. Fika Huduma Centre ya Kajiado ukiwa na kitambulisho na logibuku, uelekezwe.

Msaada wa saiba bado unafaa

Hakuna ubaya kumlipa mhudumu wa saiba akusaidie. Lakini keti kando yake, andika nywila mwenyewe, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Akaunti ya TIMS ilihusu gari na leseni. Ya eCitizen hubeba pia pasipoti, cheti cha kuzaliwa, biashara na mengine mengi, hivyo anayeijua nywila yako ameshika mengi kuliko zamani.

Kwa aliyeuza chombo bila kukamilisha uhamisho, huu ndio wakati wa kumtafuta mnunuzi, kabla hajakiuza kwa mtu wa tatu msiyemjua.